Simsim na Mchicha katika Chungu Kimoja

Mafuta yanayokamuliwa kutoka kwenye mbegu na mboga za majani ni vyakula vinavyotofautiana mno, kiasi kwamba swali la kipi kati yake kina lishe bora haliwezi kujibiwa kwa kuvipima gramu kwa gramu. Hata hivyo swali hilo lina uzito wake katika West Nile, eneo la kaskazini-magharibi mwa Uganda linalopakana na Kongo na Sudan Kusini, kwa kuwa huko, kuanzia Mvara katika jiji la Arua hadi Koboko, mlo uliozoeleka ni enyasa, yaani ugali wa muhogo unaochanganywa na mtama au ulezi, pamoja na mboga, na katika mboga hiyo mafuta huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kupunguzwa pesa zinapoadimika.

Simsim ndilo jina ambalo ufuta hujulikana nalo zaidi nchini Uganda. Gramu 100 za mafuta yake hutoa kilokalori 884 za nishati, zote zikitokana na mafuta yenyewe, kwani humo hamna protini, wanga, maji wala nyuzinyuzi. Gramu 100 za majani mabichi ya mchicha, ambao Waganda wengi huuita dodo, hutoa kilokalori 23 tu, na zaidi ya gramu 91 kati ya hizo ni maji. Kwa kuwa hakuna anayekula gramu 100 za mafuta kwa mlo mmoja, kipimo cha haki ni kijiko kikubwa, takriban gramu 14, chenye kilokalori zipatazo 120, ambazo mtu angelazimika kula zaidi ya nusu kilo ya mchicha ili kuzipata. Mkulima mtu mzima anaweza kuifidia tofauti hiyo kwa kuongeza enyasa, lakini mtoto wa mwaka mmoja na nusu, ambaye tumbo lake dogo hujaa upesi kwa chakula chenye maji mengi, hana njia hiyo. Kwake mafuta kidogo katika uji au mboga si anasa.

Ubora wa mafuta ya simsim hautokani na nishati pekee. Karibu asilimia 14 tu ya asidi zake za mafuta, yaani vijenzi vidogo vinavyoyaunda mafuta, ni za aina iliyoshiba, ile ambayo ikizidi hupandisha kolesteroli katika damu. Nyingi ya zilizobaki zimegawanyika karibu sawa kati ya asidi ya oleiki na asidi ya linoleiki, na hii ya pili ni ya lazima kwa sababu mwili hauwezi kuitengeneza wenyewe. Linalosahaulika ni kwamba mbegu nzima ya simsim ni chakula tofauti kabisa na mafuta yake. Gramu 100 za mbegu zina protini gramu 17 hivi, na madini ya chuma kwa wingi, lakini zinapokamuliwa karibu vyote hivyo hubaki katika mashudu, ambayo mara nyingi huishia kwa mifugo. Kwa hiyo simsim iliyokaangwa na kusagwa pamoja na karanga, ile ambayo Waacholi huiita odii, huingiza chunguni mafuta na protini kwa wakati mmoja, na kwa sababu hiyo ni bora kuliko chupa ya mafuta yaliyosafishwa kiwandani, ingawa hakuna tangazo la redioni litakalosema hivyo.

Mchicha nao huleta yale ambayo mafuta hayana kabisa: gramu 100 za majani mabichi zina vitamini C miligramu 43, kalisi miligramu 215 na chuma miligramu 2.3. Takwimu hizo, hata hivyo, si sawa na kile kinachoingia katika damu. Mchicha una oksalati, chumvi zinazoshikamana na kalisi na kuizuia isifyonzwe, na chuma cha majani hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama, isipokuwa kikiambatana na vitamini C. Hapo ndipo magadi yanapoleta hasara. Maji yaliyochujwa kwenye majivu, ambayo wapishi wengi wa kaskazini mwa Uganda huyatia chunguni ili mboga ilainike upesi na ibaki na ukijani wake, huharakisha kuharibika kwa vitamini C, ile ile ambayo chuma cha mboga hiyo kinaihitaji. Rangi hubaki nzuri machoni huku sehemu ya lishe ikiwa imekwisha kupotea.

Kiini cha suala lote ni karotini, rangi ya manjano iliyofichwa na ukijani wa majani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A inayolinda macho na kuimarisha kinga dhidi ya maradhi. Karotini haiyeyuki katika maji bali katika mafuta. Chakula kinapofika kwenye utumbo mwembamba, nyongo huyavunja mafuta kuwa matone madogo sana, na karotini iliyotoka katika majani yaliyolainishwa na moto huingia ndani ya matone hayo na kuvushwa nayo hadi kwenye ukuta wa utumbo. Mlo ukikosa mafuta, sehemu kubwa ya karotini hutoka na kinyesi bila kutumika. Kiasi kinachohitajika si kikubwa: gramu 3 hadi 5 kwa mlo, yaani kama kijiko kidogo cha chai kwa kila mlaji. Mwaka 2001 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilirekebisha hesabu ya zamani, ikasema zinahitajika mikrogramu 12 za karotini ya chakula, wala si 6, ili mwili upate mikrogramu 1 ya vitamini A, na kwa hiyo thamani iliyokuwa ikihesabiwa kwa mboga za majani ikapungua kwa nusu. Hata kwa hesabu hiyo kali, gramu 100 za mchicha uliopikwa hutoa mikrogramu zipatazo 140, karibu nusu ya mahitaji ya siku ya mtoto wa miaka 1 hadi 3. Ng'ambo ya mpaka, Wakongo wanaopika sombe, yaani majani ya muhogo, kwa mawese hupata faida maradufu, kwa kuwa mawese mekundu yana karotini yake yenyewe. Mafuta ya kiwandani yanayouzwa Uganda huongezwa vitamini A, lakini vitamini hiyo huharibiwa na mwanga, hivyo chupa angavu inayoanikwa juani mbele ya duka hupoteza kile ilichoongezwa.

Kuhusu nyuzinyuzi, sehemu ya mmea isiyomeng'enywa, Arua ina uhusiano wa aina yake. Mwaka 1961 Dkt. Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, iliyo nje kidogo ya mji huo, alifuatana na daktari mpasuaji Denis Burkitt katika safari ndefu ya kuchunguza saratani ya watoto Afrika Mashariki na Kati. Burkitt huyo huyo, baada ya kurejea Uingereza, alikuja kuwa mtetezi mkubwa wa nyuzinyuzi, akidai kwamba uhaba wake katika vyakula vya Wazungu ndio uliosababisha maradhi mengi ya utumbo aliyoyaona kwa nadra barani Afrika. Baadhi ya hoja zake zilivuka mipaka ya ushahidi, lakini msingi wake umebaki, na katika jambo hili mafuta hayana la kuchangia.

Kwa familia yenye shilingi chache, basi, uamuzi wa busara hauhitaji mizani. Mchicha huoteshwa nyuma ya nyumba na kuchumwa baada ya wiki 3 au 4, ilhali mafuta kwa kawaida hayana budi kununuliwa. Pesa iliyopo iende kwenye simsim au mafuta, mboga itoke bustanini, magadi yapunguzwe, na kijiko cha mafuta kitiwe kwanza katika sehemu ya mtoto.