Roboti katika kiwanda kidogo: Soko kwanza, mashine baadaye

Roboti si mali ya viwanda vikubwa vya magari peke yake. Mwaka 2008 kampuni ya Universal Robots ya Odense, Denmark, iliuza mkono wake wa kwanza, wenye uwezo wa kubeba kilo 5, kwa Linatex, kampuni ya nchini humo inayoshughulika na plastiki na mpira. Tangu hapo mikono ya aina hiyo imeingia katika viwanda vidogo vya nchi nyingi. Kwa mwenye kiwanda wa Afrika Mashariki, swali ni kama itajilipa mahali ambapo mishahara ni midogo.

Kazi yenyewe

Katika kiwanda cha mabeseni, mashine huyeyusha plastiki, huisukuma ndani ya kalibu, husubiri ipoe, kisha kalibu hufunguka na mfanyakazi hutoa beseni. Akichoka au akiondoka kidogo, kalibu hubaki wazi, joto hubadilika na mabeseni yanayofuata huweza kutoka yamepinda. Roboti hutoa kila beseni kwa muda uleule, usiku na mchana. Faida yake kubwa, kwa hiyo, ni bidhaa nyingi zaidi kutoka mashine ileile.

Hesabu

Tuchukue mfano. Roboti, pamoja na kishikio, uzio na ufungaji, inagharimu dola 40,000 za Marekani. Inachukua nafasi ya wafanyakazi wawili, mmoja kila zamu, wanaolipwa dola 150 kwa mwezi kila mmoja. Mishahara inayookolewa ni dola 3,600 kwa mwaka. Matengenezo na umeme ni dola 1,600. Zinabaki dola 2,000, na kwa kasi hiyo mtaji utarudi baada ya miaka 20.

Sasa tuseme uzalishaji unaongezeka kwa asilimia 10, na mashine hiyo ilikuwa ikiingiza dola 90,000 kwa mwaka baada ya kuondoa gharama za malighafi na umeme. Zinaongezeka dola 9,000 na jumla inakuwa 11,000. Mtaji unarudi ndani ya miaka minne.

Kwa mkopo wa riba ya asilimia 15, mambo ni mengine. Riba ya mwaka wa kwanza pekee ni dola 6,000, na deni litamalizika kati ya mwaka wa tano na wa sita. Iwapo mabeseni ya ziada yatakosa wanunuzi, zile dola 2,000 hazitatosha hata kulipa riba. Mwenye kiwanda atakuwa amepunguza wafanyakazi wawili na bado yumo katika hatari ya kupoteza dhamana aliyoweka benki.

Mpaka wa jirani

Ndiyo maana soko la nchi jirani lina uzito katika uamuzi huu. Ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, huweka mitambo ya uzalishaji kwa jumla katika kundi la asilimia 0. Bidhaa zilizokamilika kutoka nje ya Jumuiya hutozwa asilimia 25, na baadhi asilimia 35 tangu Julai 2022. Bidhaa yenye cheti cha uasilia wa Jumuiya huvuka bila ushuru huo. Alama ya ubora ya nchi moja nayo inatakiwa kutambuliwa katika nchi nyingine wanachama chini ya sheria ya viwango ya mwaka 2006.

Kabla ya kuagiza

Mwenye kiwanda anapaswa kuwa na oda za kununua bidhaa za ziada, fundi wa karibu mwenye vipuri, na umeme usioyumba au jenereta iliyokwisha kuingizwa katika hesabu. Ni vizuri pia kuanza na mashine moja, ile inayochelewesha nyingine. Wafanyakazi wawili wanaweza kuhamishiwa kwenye ukaguzi na ufungashaji, kwa kuwa mabeseni yakiongezeka kazi hiyo nayo huongezeka. Lakini hapo mishahara yao haitahesabiwa tena kuwa akiba, na mtaji utarudi baada ya miaka mitano na nusu badala ya minne, kabla ya riba.