Meroe: mwandiko tunaousoma, lugha tusiyoielewa

Tukizungumza juu ya ustaarabu wa kale, wengi wetu katika kitivo hutaja majina yale yale: Misri, Ugiriki, Roma, labda Babeli. Kwa mwanafunzi wa lugha za Kiafrika, mimi ningetanguliza jina lingine: Kushi, na hasa mji wake mkuu wa mwisho, Meroe, katika Sudan ya leo. Piramidi na dhahabu vilikuwako huko pia, lakini si hivyo vinavyonivuta. Meroe inatuwekea mbele swali la isimu lenyewe: inawezekanaje mtu asome maandishi kwa sauti, alama kwa alama, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na bado asijue yanasema nini?

Kushi kwa kifupi

Kusini mwa Misri, kando ya mto Nili, palikuwa na dola iliyodumu kwa namna mbalimbali zaidi ya miaka elfu mbili. Kitovu chake cha kwanza kilikuwa Kerma, mji uliostawi kati ya mwaka 2500 na 1500 hivi kabla ya Kristo. Baadaye kitovu kilikuwa Napata, chini ya mlima Jebel Barkal. Kutoka hapo, katika karne ya 8 kabla ya Kristo, mfalme Piye aliishinda Misri, na wafalme wa ukoo wake wakaitawala kama nasaba ya 25. Mmoja wao, Taharqa, anatajwa katika Biblia kwa jina la Tirhaka, mfalme wa Kushi. Waashuri walipowatoa Misri, Wakushi waliendelea kutawala kwao, na mwishowe Meroe ikawa makao ya wafalme hadi karne ya 4 baada ya Kristo. Sudan ina piramidi zaidi ya 200, ndogo kuliko zile za Giza na zenye mteremko mkali zaidi.

Kwa karne nyingi Wakushi walipotaka kuandika, waliandika Kimisri. Lugha yao ya nyumbani haikuwa na maandishi, hali ambayo sisi Wakongo hatuhitaji kuelezwa. Ndipo, kufikia karne ya 2 kabla ya Kristo, wakaanza kuiandika lugha yao wenyewe kwa mwandiko wao wenyewe.

Alama ishirini na tatu

Mwandiko wa Meroe una sura mbili. Ya kwanza ni ya picha, iliyotumika hasa katika mahekalu na mambo ya kifalme. Ya pili ni ya mkono, ya haraka, ambayo ndiyo inayoonekana katika maandishi mengi. Maumbo yote mawili yaliazimwa Misri, lakini utaratibu wake ni mwingine kabisa. Mwandiko wa Misri una mamia ya alama; wa Meroe una 23 tu, pamoja na nukta za kutenganisha maneno. Husomwa kutoka kulia kwenda kushoto.

Kila alama ya konsonanti inabeba ndani yake irabu a. Alama ya k peke yake husomwa ka. Ukitaka ki, unaweka alama ya i baada yake; ukitaka ke, unaweka ya e. Alama ya e hutumika pia pale ambapo konsonanti haifuatwi na irabu yoyote. Ziko pia alama nne za pekee kwa silabi ne, se, te na to. Mtu aliyebuni utaratibu huu alikuwa amesikiliza silabi za lugha yake kwa makini. Hakuchukua mwandiko wa jirani na kuulazimisha, alichukua maumbo tu.

Chukua mfano wa neno ambalo wasomaji wa Matendo ya Mitume wanalijua: Kandake. Wengi hudhani ni jina la mtu. Kumbe ni cheo cha kike katika ukoo wa kifalme wa Kushi, na Wameroe waliliandika kwa alama nne: k, d, k, e. Ukifuata kanuni, unapata kadake. Ile n iko wapi? Haikuandikwa. Tunajua ilitamkwa kwa sababu Wagiriki waliolisikia neno hilo waliiandika. Jambo hili lisitushangaze. Waandishi wa zamani wa pwani ya Uswahilini, walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mara nyingi waliacha n mbele ya d na m mbele ya b, kwa kuwa msomaji aliijua lugha na angejaza mwenyewe. Mwandiko huandikiwa watu wanaoijua lugha. Wakiondoka hao, pengo linabaki.

Funguo mbili, si moja

Aliyeufumbua mwandiko huu ni Mwingereza Francis Llewellyn Griffith, kati ya mwaka 1909 na 1911. Alianzia kwenye majina. Katika hekalu la Wad ban Naqa palipatikana nguzo fupi ya ibada yenye majina ya mfalme Natakamani na malkia Amanitore kwa Kimisri na kwa Kimeroe. Kwa kulinganisha majina hayo, kisha majina ya miungu na ya miji, Griffith alipata thamani ya karibu kila alama. Baadaye Mjerumani Fritz Hintze alirekebisha maelezo ya silabi.

Hapo ndipo safari ilipokwama. Tunasikia mara kwa mara kwamba Champollion aliyafumbua maandishi ya Misri mwaka 1822 kwa sababu ya jiwe la Rosetta. Ni nusu ya habari. Jiwe lilimpa sauti na mahali pa kuanzia, lakini maana za maneno alizifikia kwa sababu alikijua Kikopti, lugha ya ibada ya Wakristo wa Misri, ambayo ni mtoto wa Kimisri cha kale. Alikuwa na funguo mbili: maandishi yanayofanana katika lugha mbili, na lugha ya ukoo ule ule iliyobaki midomoni mwa watu. Griffith hakuwa na andiko refu la lugha mbili, wala hakujua ni lugha gani hai iliyo ndugu wa Kimeroe.

Yanayoeleweka vizuri ni maandishi ya makaburini, kwa sababu yanarudia mtindo mmoja. Yanaanza kwa kuwaita Wos na Asori, yaani Isis na Osiris. Linafuata jina la marehemu, kisha aliyemzaa, mara nyingi mama akitangulia, kisha baba. Mwishoni huja baraka: apewe ato kwa wingi, apewe at kwa wingi. Ato ni maji, at ni mkate. Tunajua pia kwamba qore ni mtawala, kdi ni mwanamke, mlo ni -ema. Maneno ya namna hii yenye maana ya hakika ni machache mno, na nje ya makaburi tunapapasa.

Upande mmoja wa vita

Hasara ya kutoelewa inaonekana wazi katika habari ya vita kati ya Kushi na Roma. Strabo, mwandishi wa Kigiriki, anasimulia kwamba baada ya Warumi kuitwaa Misri, Wakushi walishambulia Syene, ndiyo Aswan ya leo, wakaangusha sanamu za Kaisari. Gavana Petronius akajibu kwa kuivamia Napata. Mwishowe wajumbe wa Kushi walikutana na Augustus katika kisiwa cha Samos, naye akawafutia kodi. Malkia wa wakati huo hutambuliwa mara nyingi kuwa Amanirenas. Mwaka 1910 wachimbaji walikuta huko Meroe kichwa cha shaba cha sanamu ya Augustus, kimefukiwa chini ya ngazi za hekalu, ili kila aingiaye amkanyage Kaisari.

Sasa, mwaka 1914, huko Hamadab karibu na Meroe, lilipatikana jiwe kubwa lenye mistari zaidi ya arobaini kwa Kimeroe. Linawataja Amanirenas na mwana wa mfalme Akinidad. Wataalamu wengi wanaona kwamba huenda linasimulia vita vile vile. Jiwe hilo liko London, katika British Museum. Kila alama yake inatamkika. Mwanafunzi wa kitivo chetu angeweza, baada ya majuma machache ya mazoezi, kulisoma lote kwa sauti mbele ya darasa, na hakuna hata mmoja, pamoja naye, angejua malkia alisema nini. Habari ya Roma tunayo. Habari ya Kushi imeandikwa na Wakushi wenyewe, imehifadhika, na imenyamaza.

Ndugu wa Kimeroe

Mwaka 1974 UNESCO iliitisha kongamano mjini Cairo. Tunalikumbuka kwa mjadala wa Cheikh Anta Diop wa Senegal na Théophile Obenga wa Kongo-Brazzaville juu ya asili ya Wamisri wa kale. Mara nyingi tunasahau kwamba kongamano lile lilikuwa na mada mbili, na ya pili ilikuwa kufumbua maandishi ya Meroe.

Hatua kubwa ya baadaye imetoka katika isimu linganishi. Mfaransa Claude Rilly alilinganisha lugha hai za makundi manne: Kinubi cha kando ya Nili na cha milima ya Nuba, Kinara cha magharibi mwa Eritrea, Kitama cha mpakani mwa Chad na Sudan, na Kinyima cha milima ya Nuba. Kwanza aliunda upya maneno ya lugha mame yao, kisha akayaweka mbele ya maneno ya Kimeroe ambayo maana yake ilikuwa imethibitishwa kwa muktadha. Hoja yake ni kwamba Kimeroe ni cha tawi hilo hilo la kaskazini la lugha za Sudani Mashariki. Si wote waliokubali; wako wanaokiona karibu zaidi na lugha za Kiafroasia. Lakini kwa uainishaji wa Rilly, hata Kialur cha Ituri, kilicho cha tawi la Kiniloti katika Sudani Mashariki hiyo, ni ndugu wa mbali wa lugha ya Amanirenas.

Kwa nini zihitajike lugha nyingi? Tuangalie za kwetu. Kiswahili kina njaa na njia. Lingala ina nzala na nzela, Kikongo kina nzala na nzila. Tukiziweka pamoja, tunaona kwamba nj ya Kiswahili inajibiwa na nz, na kwamba Kiswahili kimepoteza l katikati. Kama Kiswahili kingebaki peke yake, hakuna ambaye angeijua hiyo l. Kila lugha ndugu ni shahidi wa jambo ambalo nyingine imelisahau.

Na mashahidi wa Kimeroe wako hatarini. Bwawa kuu la Aswan, lililojengwa miaka ya 1960, liliwahamisha Wanubi makumi ya maelfu kutoka vijiji vyao. Tangu Aprili 2023 vita vya Sudan vimefika Darfur na milima ya Nuba, na Makumbusho ya Taifa ya Khartoum yameporwa. Tunaomboleza sanamu, na ni haki. Lakini mzee wa Kinyima anayefia safarini bila kurekodiwa anaweza kuwa ameondoka na neno ambalo jiwe la Hamadab linalingojea.

Jambo linalotuhusu hapa

Kongo ina lugha zaidi ya 200, na nyingi hazina sarufi wala kamusi. Hata zile tunazoziandika, tunaziandika nusu. Katika Lingala ya kila siku, moto ni mtu, ni kichwa, na ni moto unaowaka. Toni na irabu ndizo zinazotofautisha, nasi hatuziandiki. Msomaji wa miaka elfu mbili ijayo atakuwa mbele ya Lingala yetu kama tulivyo mbele ya Kimeroe.

Kwa hiyo, ndugu wanafunzi, anayechagua lugha ndogo ya kijiji chao kwa kazi yake ya mwisho asionekane amekosa mada. Anayekwenda likizo na achukue orodha ya maneno mia ya msingi ya Swadesh, ayaulize kwa wazee, aandike toni, na arekodi hata hadithi moja kamili yenye tafsiri yake ya Kiswahili au Kifaransa. Hadithi hiyo ndogo ya lugha mbili ndiyo kitu ambacho Meroe haikutuachia.