Divai ya Dodoma Mezani Chake Chake

Msimu wa karafuu ukifika Chake Chake waona majamvi yametandazwa kando ya njia, na harufu yake yakufuata mpaka nyumbani. Zabibu huzioni. Pemba ina mvua nyingi, na mzabibu ukikaa majani maji siku nyingi huingiwa na ukungu. Dodoma ni kinyume: mvua chache na jua kali. Huko mapadre Waitalia walipanda mizabibu katika misioni ya Bihawana mwaka 1957, na leo wakulima huvuna mara mbili kwa mwaka.

Divai nyekundu ya bei nafuu mara nyingi ni mchanganyiko. Zabibu za namna moja zina rangi nzito, za namna nyingine zina uchachu au utamu. Mtengenezaji huzipatanisha kama mama anavyopatanisha viungo vya pilau. Wekundu wenyewe hutoka katika maganda, yanayoachwa ndani ya pipa wakati wa kuchachuka. Huo si udanganyifu. Udanganyifu ni maji yaliyotiwa rangi, sukari na spiriti.

Lakini si kila chupa iliyoandikwa divai yafaa altareni. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 924, yataka divai ya asili, ya tunda la mzabibu, isiyoharibika. Divai ya rozela au ya mabibo, hata ikiwa tamu namna gani, haifai kwa Misa. Na katika joto letu, chupa iliyofunguliwa ikasahauliwa hugeuka siki, kama tembo la mnazi.

Sasa neno la nyumbani. Siku ya ubatizo chupa moja yatosha watu sita. Majirani zetu karibu wote ni Waislamu, nao ndio wanaotuazima masufuria na majamvi ya karamu. Basi usiwaalike kisha ukaweka chupa mbele yao. Watengenezee sharubati ya ukwaju, katika vyombo visivyoguswa na divai. Mtoto asitumwe kuinunua kamwe. Na wewe baba, piga hesabu kwanza: chupa hiyo imetoka Dodoma, ikapita Dar es Salaam, ikavuka bahari mpaka Mkoani, na kila mkono umeongeza bei. Ikiwa yalingana na madaftari ya watoto, iache dukani.

Ukiinunua ikabaki nusu, ifunge vizuri, iweke penye ubaridi, uimalize kwa siku mbili tatu. Ikichacha, mpe mama aitie katika achari.