Je, Wajua? Cha Nje Kina Nini?

Je, wajua kuwa alama ya “Made in Germany” ilikusudiwa kuwa ya aibu? Mwaka 1887 Uingereza ilipitisha sheria ya alama za bidhaa ili mnunuzi avitambue visu vya Kijerumani vilivyojifanya vya mji wake wa Sheffield, avikwepe. Haikupita miaka mingi, wateja wakawa wanaitafuta alama hiyohiyo.

Je, wajua kuwa mwaka 1965 mtafiti Robert Schooler alichapisha jaribio alilofanya Guatemala? Wanafunzi walipewa juisi na vitambaa vya aina moja, kilichobadilika ni lebo tu. Vilivyodaiwa kutoka El Salvador na Costa Rica vilishushwa hadhi kuliko vya Guatemala na Mexico. Wahenga walisema chema chajiuza. Hawakukutana na lebo.

Aiskrimu ya Häagen-Dazs ina jina la kubuni, linalosikika kama la Ulaya Kaskazini. Ilizaliwa New York.

Lakini tusimcheke mnunuzi mapema. Baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said, mtawala wa Unguja, meli za Salem, Massachusetts, zilimimina Unguja merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Kilikuwa kigumu, kikadumu, misafara ikakitumia kama fedha huko bara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba iliadimika na bei ikapaa. Wateja walilia? Wapi! Hatimaye wengi walihamia nguo za Bombay, India. Wafipa wa kusini-magharibi mwa Tanzania nao waliendelea kufuma nguo zao nzito za pamba hadi karne ya 20, ila kwa kitanda cha kufumia cha mkono utashindana vipi na kiwanda cha mvuke?

Je, wajua kuwa kwa miongo mingi kanga zetu zilichapwa Uingereza, Uholanzi, India na Japani, huku maneno yake yakitungwa pwani? Hapo cha nje ni kipi?

Na mitumba? Mtazame mteja mnadani: anageuza kola, anavuta mshono, ananusa. Shati hilo limekwisha kufuliwa mara kadhaa. Rangi ya kuchuja ingekuwa imeshachuja. Jipya la kiwandani kwetu linabeba gharama ya uzi, umeme na kodi, na bado halijaonja sabuni. Mimi naona hesabu hapo, wala si kasumba.

Kenya, gari la muundo uleule na mwaka uleule huuzwa ghali zaidi likiwa limetoka Japani juzi kuliko likiwa limetumika nchini. Mnunuzi anayajua matuta na mashimo ya kwao.

Rwanda ilijaribu kuibadili hesabu ya mitumba. Mwaka 2016 ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Julai 2018 Marekani ikajibu kwa kuziondolea nguo za Rwanda msamaha wa ushuru chini ya AGOA, sheria yake ya biashara na Afrika, na mitumba ikawa inavushwa kwa magendo kutoka Congo.