Picha ya kitu kidogo bila gharama kubwa

Pengine twataka kumpiga picha mdudu aharibuye maharagwe yetu, ili tumwonyeshe mwalimu wa kilimo akaaye mbali. Lakini tukimkaribia mno, picha yatoka kama ukungu. Je, yatupasa kununua lenzi maalum ya bei kali? Hapana.

Kadiri lenzi inavyotengwa na mwili wa kamera, ndivyo kitu cha karibu kinavyokuzwa. Basi nyuma ya lenzi ya milimita 50 tutie bomba tupu, lisilo na kioo, lenye urefu wa milimita 25: sura ya mdudu ndani ya kamera itakuwa nusu ya ukubwa wake. Bomba la milimita 50 litailinganisha naye, ila mwanga utabaki robo tu; kwa hiyo tupige juani.

Asiye na bomba aigeuze lenzi hiyohiyo, mbele iwe nyuma, na kuishika imara. Mwenye simu aweke kioo kidogo cha kukuzia mbele ya lenzi yake. Kisha tusogee polepole, mbele na nyuma, hata miguu ya mdudu ihesabike. Hapo mwalimu atamtambua, na shamba litapata dawa ilipasayo.