Damu Wakati wa Haja Kubwa: Mpasuko Unatibika, Ukimya Huchelewesha Tiba

Miongoni mwa matatizo ya kiafya ambayo wananchi huyabeba kimya kimya ni maumivu makali wakati wa haja kubwa, yanayoambatana na damu nyekundu. Katika Wilaya ya Sengerema, mkoani Mwanza, kama ilivyo katika maeneo mengine nchini, hali hiyo aghalabu hupewa jina moja tu la "mgoro" au "kuota kinyama". Kwa sababu ya aibu, mgonjwa huweza kuanza na dawa za mitishamba au dawa za kupaka zilizonunuliwa bila vipimo, na kumwona mtaalamu wa afya baada ya miezi kadhaa.

Jina hilo moja hufunika maradhi kadhaa yenye vyanzo na tiba tofauti. Mojawapo ni mpasuko wa njia ya haja kubwa, ambao ukitambuliwa mapema mara nyingi hupona bila upasuaji. Hata hivyo, kwa mkazi wa mwambao wa Ziwa Victoria ipo sababu ya ziada ya kutokubahatisha: damu katika kinyesi inaweza pia kuwa dalili ya kichocho cha tumbo, ugonjwa unaohitaji kipimo na dawa yake mahususi.

Mpasuko ni nini

Mpasuko huu ni kidonda chembamba kinachotokea pale ngozi laini ya mlango wa haja kubwa inapochanika. Kwa wagonjwa walio wengi, kidonda huwa upande wa nyuma, kuelekea mwisho wa uti wa mgongo. Ngozi ya eneo hilo ina mishipa mingi ya fahamu, na ndiyo maana kidonda kidogo huleta maumivu makubwa, ambayo mgonjwa huyafananisha na kukatwa kwa wembe. Maumivu hayo yanaweza kuendelea kwa dakika kadhaa, au hata saa kadhaa, baada ya kutoka chooni. Damu yake huwa nyekundu na kidogo, na huonekana juu ya kinyesi au wakati wa kujisafisha.

Chini ya ngozi hiyo kuna msuli wa mviringo unaofunga njia. Ngozi inapochanika, msuli hukaza bila mgonjwa kukusudia, na damu inayopaswa kulisha na kuponya kidonda hupungua. Mgonjwa naye, kwa kuogopa maumivu, huahirisha kwenda haja. Kinyesi kinachokaa muda mrefu tumboni hufyonzwa maji, hukauka na kuwa kigumu, na kinapotoka huchana upya sehemu iliyoanza kupona. Tiba yote ya mpasuko inalenga kuukata mzunguko huo kwa kulainisha kinyesi na kulegeza msuli.

Mpasuko ambao haujazidi wiki 6 huhesabiwa kuwa mpya, na mwingi wa aina hiyo hupona kwa utunzaji wa nyumbani. Ukizidi muda huo huelekea kuwa sugu. Kingo za kidonda huwa ngumu, na kijinyama kidogo cha ngozi huweza kuota pembeni mwake. Kijinyama hicho ndicho wengi hudhani kuwa ndio ugonjwa wenyewe, na wapo wanaojaribu kukikata au kukichoma kwa dawa kali. Kufanya hivyo huongeza jeraha na kuacha mpasuko ukiwa palepale.

Walio katika hatari zaidi

Chanzo kikubwa ni kufunga choo na kupitisha kinyesi kigumu. Kuharisha kwa muda mrefu nako huchubua ngozi hiyo. Wanawake wanaweza kupata mpasuko wakati wa kujifungua. Aidha, vidonge vya madini chuma wanavyopewa wajawazito kliniki kwa ajili ya kuzuia upungufu wa damu vinaweza kusababisha kufunga choo. Mjamzito mwenye tatizo hilo hapaswi kuviacha, bali anashauriwa kumweleza muuguzi ili apatiwe ushauri wa chakula au dawa salama ya kulainisha choo.

Watoto wadogo nao huathirika, hasa wanapoanza kuachishwa maziwa ya mama na kula vyakula vikavu. Mtoto anayelia akienda haja, anayebana miguu au anayejificha ili asiende chooni anaweza kuwa na maumivu, na kumkaripia huongeza woga wake. Kwa upande mwingine, mtoto mwenye majeraha yasiyoelezeka au hofu isiyo ya kawaida anapaswa kupelekwa haraka kituoni, na taarifa itolewe kupitia namba ya msaada kwa watoto, 116.

Vilevile, ni vyema jamii ifahamu kwamba mpasuko humpata mtu yeyote, wa umri wowote na jinsia yoyote. Kuwa nao si ushahidi wa tabia fulani. Dhana potofu ya namna hiyo ni miongoni mwa mambo yanayowafanya wagonjwa wafiche maumivu.

Kinga inaanzia jikoni

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtu mzima apate kila siku angalau gramu 25 za nyuzinyuzi, yaani makapimlo, pamoja na angalau gramu 400 za matunda na mboga za majani. Kwa kaya ya Sengerema, mahitaji hayo yanapatikana shambani na sokoni. Ugali wa dona, mtama au ulezi una makapimlo mengi kuliko ugali wa sembe. Maharage, kunde na choroko, mchicha, matembele na mlenda, viazi vitamu, papai, embe na chungwa vyote husaidia kulainisha choo. Samaki na dagaa ni chakula bora chenye protini, lakini hawana makapimlo. Hivyo, sahani ya ugali wa sembe na samaki bila mboga haitoshelezi.

Makapimlo hufanya kazi yanapopata maji. Mvuvi anayekesha ziwani, mkulima, dereva wa bodaboda na mama lishe anayeshinda mbele ya moto hupoteza maji mengi kwa jasho, hivyo wanashauriwa kubeba maji safi na salama na kunywa mara kwa mara. Anayeongeza makapimlo afanye hivyo taratibu ili kuepuka tumbo kujaa gesi.

Jambo jingine ni kutoahirisha haja. Mwanafunzi anayekwepa choo kichafu cha shule na mvuvi anayesubiri mtumbwi urejee mwaloni wote hujiweka katika hatari ya kufunga choo. Vyoo bora shuleni, sokoni na mialoni ni sehemu ya kinga. Kujisaidia ziwani si mbadala, kwa kuwa ndiko kunakoeneza kichocho. Baada ya haja, kujisafisha kwa maji ni bora kuliko kutumia magunzi ya mahindi au karatasi ngumu zinazochubua ngozi.

Tiba ya mpasuko

Hatua ya kwanza ni maji, makapimlo na, inapobidi, dawa ya kulainisha choo kwa ushauri wa mtaalamu. Sambamba na hayo, mgonjwa hukaa ndani ya beseni safi lenye maji ya uvuguvugu yasiyounguza kwa dakika 10 hadi 15, mara 2 au 3 kwa siku na hasa baada ya haja. Joto hilo hulegeza msuli na kupunguza maumivu. Hakuna haja ya kuongeza dawa ya kuua vijidudu katika maji hayo. Dawa za maumivu zenye kodeini ziepukwe, kwa kuwa hufunga choo na kurudisha tatizo.

Mpasuko usiopona kwa hatua hizo hutibiwa kwa dawa za kupaka zinazolegeza msuli na kuongeza mzunguko wa damu, kama vile gliserili trainitreti au diltiazemu. Ya kwanza inaweza kuleta maumivu ya kichwa, na zote hutumika kwa maelekezo ya daktari, kwa kawaida kwa wiki 6 hadi 8. Dawa hizo zikishindikana, upasuaji mdogo wa kukata sehemu ya msuli wa ndani huponya zaidi ya wagonjwa 9 katika kila 10. Baadhi yao wanaweza kupungukiwa na uwezo wa kuzuia gesi au kinyesi, na kwa sababu hiyo daktari hujadiliana na mgonjwa kabla ya kufikia uamuzi.

Si kila damu ni mpasuko

Bawasiri ni kuvimba kwa mishipa ya damu katika njia ya haja kubwa, na mara nyingi hutoa damu bila maumivu makali. Kichocho cha tumbo husababishwa na minyoo ambayo vimelea vyake hukulia ndani ya konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua, anayechota maji au anayevua ziwani. Huleta maumivu ya tumbo, kuharisha na kinyesi chenye damu, na kisipotibiwa kwa muda mrefu huharibu ini. Hupimwa kwa kuchunguza kinyesi kwa hadubini, na hutibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli. Saratani ya utumbo mpana nayo inaweza kujitokeza kwa damu, na hatari yake huongezeka kadiri umri unavyosonga.

Kwa hiyo, mwananchi anashauriwa kwenda kituo cha kutolea huduma za afya mapema anapoona damu iliyochanganyika na kinyesi, kinyesi cheusi kama lami, kupungua uzito, homa, usaha, mabadiliko ya choo yasiyoisha, au maumivu yasiyopungua ndani ya wiki 2 licha ya utunzaji wa nyumbani. Mpasuko ulio upande wa kulia au wa kushoto, au ulio zaidi ya mmoja, huhitaji uchunguzi wa maradhi mengine, yakiwemo kifua kikuu, kaswende na maambukizi ya VVU.

Huduma zilipo

Safari ya matibabu inaanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kisha Hospitali Teule ya Wilaya ya Sengerema. Mgonjwa anayehitaji uchunguzi wa kibingwa hupewa rufaa kwenda jijini Mwanza, katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando. Tangu kuzinduliwa kwa Daraja la J.P. Magufuli linalounganisha Kigongo na Busisi, tarehe 19 Juni, 2025, mgonjwa wa Sengerema hahitaji tena kusubiri kivuko ili kufika huko.

Uchunguzi wa awali huanza kwa maelezo ya mgonjwa na kuangalia eneo lenye maumivu, na kwa kawaida huchukua dakika chache. Mgonjwa ana haki ya faragha na ya kutunziwa siri, na anaweza kuomba kuhudumiwa na mtaalamu wa jinsia yake pale anapopatikana. Kwa maelezo ya awali, Kituo cha Huduma kwa Wateja cha Wizara ya Afya kinapatikana bila malipo kupitia namba 199.