Gunia Lenye Uzito: Kanuni za Uhuishaji na Sarufi Yetu

Neno uhuishaji limetokana na huisha, yaani kutia uhai. Mchoro hauhuiki kwa kuchorwa vizuri. Unahuika kwa mwendo. Chukua mfano unaojulikana na kila mkazi wa Kolwezi: mchimbaji wa mikono anainua gunia la mawe ya shaba.

Mchoraji mgeni wa kazi hii atachora gunia chini, kisha gunia begani, halafu atajaza michoro ya katikati kwa nafasi zilizo sawa. Kwenye skrini gunia litapaa kana kwamba limejaa pamba. Viungo vyote viko mahali pake, lakini jasho la mtu yule limefutwa. Kwangu huo ni uongo juu ya kazi yake.

Mwaka 1981 Frank Thomas na Ollie Johnston, wahuishaji wa Disney, walieleza kanuni 12 katika kitabu *The Illusion of Life*. Gunia letu linahitaji tatu tu. Kwanza matayarisho: kabla ya kuinuka, mchimbaji hushuka, anakunja magoti, anashika pembe za gunia. Pili, muda na nafasi. Sinema huonyesha picha 24 kwa sekunde. Michoro ikisogeleana mwendo unapungua, ikiachana unaongezeka. Kwa hiyo michoro isongamane pale gunia linapobanduka ardhini. Tatu, mwendo unaofuatia: gunia limefika begani, mwili unayumba, vumbi linadondoka nyuma yake.

Msimulizi wa hadithi hana michoro, ila ana tanakali za sauti. Gunia likianguka pu! msikilizaji amekwisha kulipima. Jiwe likizama chubwi! amejua ni majini. Silabi moja au mbili zinafanya kazi ya muda na nafasi.

Upatanisho wa kisarufi unanivutia zaidi. Tunasema gunia limeanguka. Lakini mchoreni gunia linalosita, linarudi nyuma kidogo, kisha linaruka shimo: mtazamaji ataanza kusema Gunia ameogopa, Gunia ameruka. Kusita ni matayarisho, na matayarisho yanaonyesha nia. Nia ndiyo inayoivuta nomino kutoka li- hadi a-.

Nchini kwetu Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto alianzisha Studio Malembe Maa mwaka 1988, na mwaka 1991 akatoa *Le Crapaud chez ses beaux-parents*. Malembe ni polepole kwa Kilingala, jina la haki kabisa. Katika *Muana Mboka* (1999) alihuisha vikaragosi. Kikaragosi kigumu hakipondeki wala hakirefuki kama wino, hivyo uzito wake lazima utoke karibu wote katika muda.

Tukimpa mchimbaji wetu sekunde 3, hizo ni picha 72; mchoro mmoja ukikaa picha mbili, ni michoro 36. Ningetumia 20 kabla gunia halijavuka magoti.